Stabilaiza ya Mbele: Kabla Kikundi Hakijakubali Itolewe



Kila mwaka mvua ya masika inapokaribia, kuna mazungumzo ambayo hurudi katika vikundi vyenye pikapu au lori dogo. Fundi analala chini ya gari, anagonga hapa na pale, kisha anatoka akijipangusa mikono na kusema: "Hii stabilaiza ya mbele ndiyo inawasumbua. Tuitoe tu, gari itapita kila mahali." Wanakikundi wanatazamana. Wengi hawajui stabilaiza ni kitu gani. Lakini wote wanajua kwamba kununua spea ni pesa, na kutoa ni bure. Basi inatolewa, inawekwa nyuma ya mlango wa ghala, na maisha yanaendelea.

Je, fundi amesema ukweli? Amesema nusu ya ukweli. Katika makala haya tutaeleza nusu zote mbili, ili kikundi chenu kiamue kikiwa na macho wazi. Gari la kikundi ni jasho la watu wengi, na tena hubeba watu.

STABILAIZA NI NINI?

Lala chini ya gari, upande wa mbele, injini ikiwa imezimwa. Karibu na ekseli utaona nondo ya chuma iliyopinda kama herufi U, unene wake kama kidole gumba au kuzidi kidogo. Inatoka upande wa gurudumu la kushoto hadi la kulia. Katikati imeshikwa kwenye chesisi mahali pawili, na hapo ndani kuna mipira inayoitwa bushi. Kila mwisho wa nondo umeungwa na ekseli, au na mkono wa gurudumu, kwa kijiti kifupi kinachoitwa linki. Nondo, bushi na linki: hiyo ndiyo stabilaiza yote. Si kitu kipya. Mtu wa Kanada aitwaye Stephen Coleman alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1919.

Ili muelewe kazi yake, fanyeni jaribio hili katika mkutano. Chukueni waya mnene, mkaupinde uwe kama U. Mtu mmoja aushike katikati bila kuubana sana. Mwingine ashike ncha mbili na kuziinua zote pamoja. Mtaona waya unazunguka tu mkononi, haukatai. Sasa ainue ncha moja na kushusha nyingine. Hapo waya unapigana naye, unataka ncha zote ziwe sawa.

Stabilaiza ni hivyo hivyo. Magurudumu mawili yakipanda tuta pamoja, haina kazi. Lakini upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, nondo hujinyonga na kukataa. Gari likiingia kona, mwili wake hutaka kulala upande wa nje, na stabilaiza ndiyo inayosema, "Simama wima."

KWA NINI WATU HUITOA?

Sasa nusu ya kwanza ya ukweli. Kule mashambani hatupiti kona za lami tu. Tunapita mitaro iliyochimbwa na maji, mawe, na nyayo za trekta zilizokauka. Fikirini gari linavuka mtaro kimshazari. Gurudumu moja la mbele linapanda ukingo, na lingine linatakiwa lishuke mtaroni. Stabilaiza inalikataza kushuka. Gurudumu linabaki likining'inia hewani au likigusa chini kidogo tu.

Hapo shida inaanza. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwa gurudumu linalozunguka kwa urahisi zaidi, na linalozunguka kwa urahisi ni lile lililo hewani. Basi linazunguka bure, na gari limesimama. Ukifungua stabilaiza, gurudumu linashuka, linakanyaga ardhi, na gari linaendelea. Katika mahali pa namna hiyo fundi ana haki kabisa.

Hata watengenezaji wa magari wanalijua jambo hili. Nissan Patrol iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1997 iliwekewa, katika nchi fulani, swichi ya kufungulia stabilaiza ya nyuma. Jeep Wrangler Rubicon ya kuanzia 2007 ina swichi ya kufungua ile ya mbele. Lakini angalieni vizuri jinsi hiyo Jeep inavyofanya kazi: stabilaiza hufunguka tu gari likiwa katika gia za magurudumu manne na likienda polepole. Dereva akizidisha mwendo wa kama kilomita 29 kwa saa, inajifunga yenyewe bila kuulizwa. Aliyelitengeneza hilo gari hakuamini kwamba mtu atakumbuka. Sisi na pikapu zetu hatuna swichi. Tukiitoa, imetoka, iwe tuko mtaroni au tuko kwenye lami tukikimbilia soko.

KINACHOPOTEA KWENYE LAMI

Hii ndiyo nusu ya pili. Tazameni safari zetu za kawaida. Gari linatoka kwenye viazi na kabichi za Cherangany, au linapanda na maembe kutoka Bonde la Kerio. Kutoka shambani hadi barabara kuu ni mwendo mfupi wa udongo. Baadaye ni lami. Barabara ya Kabarnet kupanda Tambach hadi Iten ni kona juu ya kona, na kutoka chini bondeni hadi juu ni zaidi ya mita elfu moja za kwenda wima. Kutoka Iten hadi Eldoret kuna kama kilomita 35 nyingine, na hapo kila dereva hutamani kukanyaga mafuta. Kwa hiyo mahali ambapo stabilaiza inatuzuia ni mita chache. Mahali inapotulinda ni makumi ya kilomita.

Mambo matatu hutokea ikiwa haipo.

Kwanza, gari hulala zaidi kwenye kona. Mzigo ukiwa umepanda juu ya kebini, kama tunavyopenda kupakia, unavuta gari upande wa nje hata zaidi.

Pili, gari huchelewa kujirudisha. Dereva akikwepa kitu kwa ghafula, gari hulala upande huu, kisha akirudisha usukani linalala upande ule kwa nguvu zaidi. Mara nyingi ni huku kurudi ndiko kunakoangusha gari, si kule kukwepa kwa kwanza.

Tatu, na hili wengi hawalijui, sehemu ya nyuma hubebeshwa kazi ya mbele. Katika kona, uzito huhamia magurudumu ya nje. Stabilaiza ya mbele hufanya tairi la mbele la nje lichukue sehemu kubwa ya uzito huo. Ukiitoa, tairi la nyuma la nje huchukua zaidi. Katika pikapu iliyojaa, nyuma tayari imechoka. Ikizidiwa, inateleza, na mkia wa gari unataka kutangulia kichwa. Kukiwa na mvua ni mbaya zaidi.

Mimi mwenyewe niliwahi kupewa lifti na kikundi kimoja, tukileta kabichi Eldoret. Stabilaiza ya mbele ilikuwa imetolewa wiki hiyo hiyo. Kwenye barabara ya udongo dereva alifurahi sana. "Unaona vile imekuwa laini? Kama kitanda!" Nami nilikubali, kwa maana kweli ilikuwa laini. Tulipokuwa kwenye lami, ndama alikatiza barabara. Dereva alivuta usukani kidogo akamkwepa, kisha akaurudisha. Gari lililala kushoto, likarudi likalala kulia kuliko mara ya kwanza, na nyuma ikaanza kuja mbele. Tuliishia mtaroni tukitazama tulikotoka.

Hakuna aliyeumia, ndama wala mtu. Lakini kabichi zilitapakaa barabara nzima, na soko la siku hiyo lilikuwa limekwisha. Siwezi kusema ni stabilaiza peke yake. Mzigo ulikuwa juu mno, na mwendo haukuwa mdogo. Lakini mzigo na mwendo vilikuwa hivyo hivyo kila wiki, na gari lilikuwa likifika. Tulipokutana baadaye, mama mweka hazina aliuliza swali moja tu: "Sasa ile pesa tuliyookoa kwa kutonunua bushi, iko wapi?" Hakuna aliyemjibu.

"LAKINI LAND ROVER ZA ZAMANI HAZIKUWA NAYO"

Wazee wengi watawaambia hivyo, na ni kweli kwa nyingi ya zile za zamani. Zilikuwa na springi za majani zilizo ngumu, ambazo zenyewe hukataa gari kulala. Tena zilikwenda polepole. Mtu aliyelitengeneza gari bila stabilaiza alipanga springi zake akijua hivyo. Aliyelitengeneza lenu alichagua springi laini akijua kwamba stabilaiza itasaidia. Ukiitoa, hujarudi kwenye Land Rover ya zamani. Umebaki na gari ambalo kazi yake moja haina mfanyakazi.

USICHANGANYE STABILAIZA NA TOSHENI

Hapa tafadhali someni mara mbili. Pikapu nyingi za Isuzu na Toyota Hilux za zamani zenye magurudumu manne ya kuvuta zina nondo nyingine mbele ziitwazo tosheni. Hizo ndizo springi zenyewe, ndizo zinazobeba gari. Ukiifungua moja bila kujua, mbele ya gari itashuka chini, na nguvu iliyomo inaweza kumuumiza anayefungua.

Namna ya kuzitofautisha ni rahisi. Stabilaiza ni nondo moja, nayo hukatiza gari kutoka kushoto kwenda kulia. Tosheni ni mbili, kila upande yake, nazo hufuata urefu wa gari kutoka mbele kwenda nyuma.

KELELE SI SABABU YA KUITOA

Mara nyingi gari halipelekwi kwa fundi kwa sababu limekwama. Linapelekwa kwa sababu linapiga kelele: tok, tok, tok, kila likipita kijishimo. Stabilaiza ikitolewa, kelele inanyamaza, na fundi anasifiwa. Lakini kilichokuwa kikilia ni bushi zilizolika au linki iliyolegea. Hizo ni sehemu ndogo, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na tairi moja tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Chunguzeni hivi:

1. Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, mawe yamewekwa nyuma na mbele ya magurudumu.

2. Shika nondo karibu na bushi uitikise kwa nguvu. Ikicheza ndani ya mpira, bushi zimekwisha.

3. Shika kila linki uitikise. Ikicheza, au mpira wake umepasuka, ibadilishwe. Ni vizuri kubadilisha za pande zote mbili pamoja.

4. Tazama nondo yenyewe kama ina ufa au imeliwa na kutu, hasa pale inapopita ndani ya bushi.

Msipake grisi wala oili ya injini kwenye bushi za mpira ili kunyamazisha kelele. Mafuta huvimbisha mpira na kuulainisha, na baada ya muda mfupi kelele inarudi.

Tena, nondo ikivunjika isichomewe kwa welding. Ni chuma cha springi, na moto wa kuchomea huharibu ugumu wake. Itavunjika tena karibu na pale pale, pengine mkiwa kwenye kona. Wala isiwekwe nondo yoyote iliyopatikana kwenye vyuma chakavu. Unene wake una maana kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Ukizidisha unene mara mbili, ugumu wa kunyongwa huongezeka mara 16. Kwa upande mwingine, nondo ya milimita 25 ikibadilishwa kwa ya milimita 22 hubaki na kama asilimia 60 tu ya ugumu wake. Milimita tatu tu!

Jambo lingine: linki moja ikivunjika, stabilaiza yote imekufa, kwa sababu haina cha kuvutana nacho upande wa pili. Na ile ncha iliyo huru inaweza kugonga bomba la breki au kukwaruza tairi. Msiendeshe hivyo mkisema, "Si upande mmoja bado uko?"

KAMA NI LAZIMA MFUNGUE

Kuna vikundi ambavyo kweli njia yao ni mawe na mitaro, na hakuna njia nyingine. Hapo mnaweza kufungua kwa muda, kwa utaratibu huu:

- Fungueni mkiwa mahali tambarare, magurudumu yote yakiwa sawa. Nondo ikiwa imejinyonga inaweza kuruka na kukuumiza mkono.

- Zuieni magurudumu kwa mawe. Msilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

- Fungueni linki za pande zote mbili. Bolti na nati zitiwe kwenye mkebe mmoja ndani ya kebini, zisipotee.

- Ifungeni nondo juu kwa kamba imara au waya, mbali na mabomba ya breki, tairi na shafti.

- Mtu mmoja azungushe usukani hadi mwisho kushoto na kulia, mwingine atazame kama kuna kitu kinagusana. Magurudumu sasa yatashuka chini zaidi, kwa hiyo hakikisheni mabomba ya breki hayavutwi yakakaza.

- Endesheni polepole, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Abiria washuke na kutembea.

- Kabla ya kugusa lami, rudisheni. Kazeni nati gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa kwenye jeki. Baada ya mwendo mfupi, simameni mkaze tena.

Kama dereva anaona kazi hii ni ndefu mno kufanya kila safari, basi jibu limepatikana: stabilaiza ibaki mahali pake.

NJIA NYINGINE ZA KUPITA

Kabla ya kushika spana, jiulizeni gari linakwama wapi hasa. Kama ni kwenye matope ya mahali tambarare, stabilaiza haina lawama yoyote. Kule kinachotakiwa ni tairi zenye meno, minyororo ya tairi, au kupunguza upepo kidogo na kuujaza tena kabla ya kuingia lami. Gari lililojaa linaweza kuvushwa kwa mafungu mawili: nusu ya mzigo kwanza, nusu baadaye.

Na kama ni mtaro, basi si mtaro uko pale pale kila siku? Mahali pabaya pa njia nyingi ni mita kumi au ishirini tu. Kikundi chenye watu thelathini, majembe na mikokoteni kinaweza kukusanya mawe siku moja, kujaza mtaro, na kuchimba njia ya maji ya kuyatoa kando. Msisahau njia ya maji. Bila hiyo mvua ya kwanza itabeba kila kitu. Kazi hiyo haidhoofishi gari, na itamsaidia pia jirani mwenye baiskeli, mama mjamzito kwenye bodaboda, na watoto waendao shule. Gari moja likikatwa kiungo linapita peke yake, lakini njia ikitengenezwa tunapita wote.

UAMUZI NI WA NANI?

Si wa fundi peke yake, wala dereva peke yake. Fundi anajua chuma, dereva anajua njia, lakini hasara ni ya kikundi. Kila kitu kinachoondolewa kwenye gari kiandikwe katika daftari la gari: nini kimetolewa, siku gani, kwa nini, nani aliruhusu, na kitarudishwa lini. Dereva mpya au wa kuazimwa aambiwe kabla hajashika usukani. Yeye hajui kwamba gari hili si lile alilozoea.

Kumbukeni pia sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari lililo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Magari ya biashara hukaguliwa, na kazi hiyo iko chini ya NTSA, iliyoanzishwa mwaka wa 2012. Kama gari lenu lina bima, ulizeni kampuni kwa maandishi kabla ya kubadilisha kitu. Kuuliza baada ya ajali ni kuchelewa.

Na kama stabilaiza yenu iko nyuma ya mlango wa ghala hivi sasa, msione haya. Ipangusieni vumbi, nunueni bushi na linki mpya, mmwite fundi airudishe kabla ya mzigo ujao. Mpaka siku hiyo, pakieni chini, endesheni pole, na mtu yeyote asikae juu ya mzigo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika safari yetu ya sokoni, ni sehemu gani ya udongo mbovu, na ni sehemu gani ya lami? Ipi ni ndefu?

2. Kuna kitu chochote kilichowahi kutolewa kwenye gari letu? Nani anakumbuka, na kiko wapi?

3. Mzigo wetu hupanda hadi wapi? Nani ana uwezo wa kumwambia dereva, "Imetosha"?

4. Ni mtaro gani mmoja ambao tukiutengeneza kabla ya mvua, gari litapita bila shida?